Jua ni la Wote, Umeme Wake ni wa Nani?

Somo la Mafundisho Jamii ya Kanisa

Paneli za sola juu ya paa la nyumba ya mapadre si jambo la kushangaza tena katika parokia zetu za vijijini. Wafadhili wamezileta, mafundi wamezifunga, na jioni taa zinawaka. Lakini tuangalie kinachotokea mchana. Kama betri haikutumika sana usiku, kufikia saa nne au saa tano asubuhi imeshajaa. Kontrola inazuia umeme usiingie tena, na kuanzia hapo hadi jua linapozama paneli zinapigwa na jua bila faida yoyote. Umeme ambao ungeweza kupatikana haupatikani, kwa sababu tu hakuna wa kuutumia. Na huenda hatua mia moja kutoka hapo kuna zahanati ambayo mkunga wake humulika kwa tochi ya simu mama anapojifungua.

Hatusemi haya ili kuwalaumu mapadre. Hali ni ileile kwenye nyumba ya mwalimu, ya mfanyabiashara au ya mkulima aliyenunua sola yake kwa mkopo wa kulipa kidogo kidogo kwa simu. Kila mmoja akiwa na mtambo wake, kila mmoja anamwaga ziada yake, na asiye na mtambo anabaki gizani. Ndiyo maana katika somo hili tunataka kutazama njia nyingine, yaani umeme wa jua wa kijamii: paneli nyingi zimewekwa mahali pamoja, betri ni za pamoja, nyaya zinafika nyumba kwa nyumba, kila nyumba ina mita yake, na watu wanalipa kadiri wanavyotumia. Wataalamu wanaiita gridi ndogo. Sisi tunauliza swali la Mafundisho Jamii ya Kanisa: mtambo kama huo ukijengwa, uwe wa nani, bei yake iwe nani anaipanga, na maskini wa kijiji ataingiaje?

Kanisa limesema nini

Bwana wetu anatufundisha kwamba Baba wa mbinguni huwaangazia jua lake watu wema na wabaya bila kubagua (taz. Mt 5:45). Mara nyingi tunahubiri maneno hayo tukizungumzia msamaha, na ni sawa. Lakini yanatukumbusha pia jambo ambalo Katekisimu ya Kanisa Katoliki inalieleza kuanzia namba 2402: mali za uumbaji zimekusudiwa kwa ajili ya wanadamu wote. Mtu ana haki ya kumiliki, ila haki hiyo haifuti lile kusudi la kwanza. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umeshasema hivyo katika Gaudium et spes, namba 69.

Jua lenyewe hakuna anayeweza kulizungushia ukuta. Paneli, betri na nyaya zinaweza kuzungushiwa ukuta, na hapo ndipo mafundisho haya yanapopata kazi. Mtakatifu Basili Mkuu, alipowahubiria matajiri wa Kaisaria juu ya yule tajiri mpumbavu wa Injili ya Luka, hakuzungumzia wizi wa kawaida. Alizungumzia ziada iliyofungiwa ghalani wakati jirani ana njaa. Tusilazimishe ulinganisho, maana kilowati si mkate. Hata hivyo msomaji ataona kwa nini tumeanza na betri iliyojaa saa nne asubuhi.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015 juu ya utunzaji bora wa nyumba ya wote, alikwenda moja kwa moja kwenye jambo letu. Katika namba 179 anataja mahali ambapo watu wameanzisha vyama vya ushirika vya kutumia nishati jadidifu, wakajitosheleza kwa umeme na hata kuuza ziada. Anautoa kama mfano wa jambo ambalo jumuiya ndogo inaweza kulifanya wakati mfumo mkubwa wa dunia unasuasua. Mwaka 2024, kwa barua binafsi iitwayo Fratello sole, aliagiza kujengwa mtambo wa umeme wa jua kwenye eneo la Vatikano lililoko Santa Maria di Galeria, nje ya Roma, ambapo ardhi itaendelea pia kutumika kwa kilimo. Hata kabla yake, mwaka 2008, wakati wa Baba Mtakatifu Benedikto XVI, paa la Ukumbi wa Paulo VI lilifunikwa kwa paneli zaidi ya 2,000. Kwa hiyo mwenye kudhani kwamba habari za sola ni mambo ya mashirika ya misaada tu, yasiyo ya Kanisa, amechelewa kidogo.

Zipo kanuni mbili ambazo waseminari huzikariri kwa mtihani na ambazo hapa zinashika jembe. Ya kwanza ni kanuni auni, iliyofafanuliwa na Papa Pio XI katika Quadragesimo anno mwaka 1931: jambo ambalo jumuiya ndogo inaweza kulifanya yenyewe, chombo kikubwa kisilinyakue, bali kiisaidie. Ya pili ni mshikamano, ambao Mtakatifu Yohane Paulo II katika Sollicitudo rei socialis, namba 38, hakuuita huruma ya kupita bali nia thabiti ya kujitoa kwa ajili ya mafao ya wote. Kanuni auni bila mshikamano inawaachia maskini wajitegemee katika jambo wasiloliweza. Mshikamano bila kanuni auni unawafanya wawe wa kupokea tu. Tutaona kwamba suala la bei ya umeme linahitaji zote mbili kwa pamoja.

Tukae chini tupige hesabu

Yesu anauliza ni nani anayetaka kujenga mnara bila kwanza kuketi na kuhesabu gharama (taz. Lk 14:28-30). Tuketi basi. Hesabu hii ni ya mfano, na bei ya betri tuliyoiweka ni ya kufundishia, si ya dukani. Lakini njia yake ndiyo ileile atakayoitumia fundi mwaminifu.

Tuchukue kijiji chenye nyumba 120. Kila nyumba ina taa tatu ndogo za LED, redio, simu mbili za kuchaji na televisheni ndogo inayowashwa jioni. Matumizi ya namna hiyo ni kama wati-saa 300 kwa siku. Kijiji kizima kitatumia kilowati-saa 36, yaani uniti 36 kama tunavyozoea kusema kwenye LUKU. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki jua hutoa nguvu inayolingana na saa tano hivi za jua kali kwa siku. Ukiondoa kinachopotea kwenye joto, vumbi, nyaya na betri, tuseme zinabaki saa nne. Gawanya 36 kwa 4, unapata kilowati 9 za paneli. Kwa sababu ya siku za mawingu, na kwa sababu kijiji kitakua, afadhali ziwe 15.

Mpaka hapo hakuna shida. Paneli siku hizi zimeshuka bei sana, na ikitunzwa vizuri paneli hudumu miaka 25. Shida iko kwenye betri. Watu wanahitaji umeme usiku, jua halipo, kwa hiyo sehemu kubwa ya zile uniti 36 lazima ilale kwenye betri kwanza. Betri za zamani za asidi huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, na zinakufa mapema zaidi zikizoea kutumika mpaka ziishe kabisa. Za lithiamu hudumu zaidi, lakini nazo zina mwisho. Tuseme betri za kijiji chetu zinagharimu shilingi milioni 24 na zitadumu miaka minane, yaani miezi 96. Ili siku zikifa kijiji kiweze kununua nyingine, kila mwezi lazima ziwekwe akiba shilingi 250,000. Kijiji kinatumia uniti 1,080 kwa mwezi. Gawanya: kila uniti lazima ibebe shilingi 231 kwa ajili ya betri peke yake. Bado hatujamlipa fundi, mlinzi, inveta inayoungua, wala nguzo inayoliwa na mchwa.

Tunamwomba msomaji aikumbuke hiyo 231.

Miradi mingi ya sola iliyokufa katika vituo vyetu haikufa kwa kukosa jua. Ilikufa mwaka wa nne au wa tano, betri zilipochoka na sanduku la akiba likawa tupu, au halikuwahi kuwapo. Mfadhili alikuwa amelipia mnara, hakuna aliyelipia ngazi.

Visiwa vya Ziwa Victoria na shilingi mia moja

Mfano ulio karibu nasi ni kisiwa cha Ukara, wilayani Ukerewe, mkoani Mwanza. Ni kisiwa kidogo chenye watu wengi, wavuvi na wakulima hodari, ambacho gridi ya taifa haikuwa imekifikia. Mwaka 2016 gridi ndogo ya jua ilianza kutoa umeme katika kijiji cha Bwisya. Nyuma ya mradi ilikuwapo kampuni binafsi pamoja na washirika kutoka nje, na Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, SAUT, ambacho ni cha Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, kilikuwa miongoni mwa washirika hao.

Umeme ulifika, na kwa kweli ulibadilisha mambo. Ila bei ya umeme wa gridi ndogo za namna hiyo ilikuwa mara kumi na zaidi ya bei ya TANESCO kwa watumiaji wadogo, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa shilingi 100 kwa uniti, bila kodi, kwa asiyezidi uniti 75 kwa mwezi. Watu wa visiwani wakauliza swali ambalo kila mmoja wetu angeuliza: je, sisi si Watanzania? Mwaka 2020 Serikali ikaagiza bei zishuke ziwe sawa na za TANESCO. Wananchi wengi walifurahi. Wawekezaji walilalamika kwamba kwa bei hiyo hawawezi kulipia gharama zao.

Nani alikuwa na haki? Ni rahisi kujibu kwa moyo peke yake. Nyumba ya mfano wetu inatumia uniti tisa kwa mwezi. Kwa shilingi 100 italipa 900 tu. Kwa shilingi 2,000 italipa 18,000, na kwa mjane anayeuza dagaa kwa mafungu hiyo ni fedha ya kumrudisha kwenye kibatari. Kwa hiyo bei ya juu inamfungia maskini nje ya kitu ambacho kilijengwa kwa jina lake. Lakini rudi kwenye ile 231. Shilingi 100 haifiki hata nusu ya akiba ya betri. Bei hiyo, ikiachwa peke yake, inampa mjane yule umeme wa miaka michache kisha inamrudishia giza pamoja na paneli za kutazama.

Kwa maoni yetu, kosa liko mahali pasipotazamwa sana. Ile shilingi 100 ya TANESCO yenyewe si gharama halisi ya umeme. Inawezekana kwa sababu watumiaji wakubwa wanalipa zaidi na kwa sababu mfuko wa umma unabeba sehemu ya ujenzi. Hata kuunganishiwa umeme kijijini kwa shilingi 27,000 chini ya miradi ya REA hakuwezekani bila mtu mwingine kulipa kinachobaki. Huo ni mshikamano, na ni mzuri. Mkaaji wa kisiwani anastahili mshikamano uleule. Kumpa bei ileile bila ruzuku ileile ni kumwambia mwenye mtambo, au chama cha ushirika cha kijiji, kwamba ninyi peke yenu mbebe wajibu ambao bara unabebwa na taifa zima. Bei ya haki, basi, inahitaji mambo mawili: anachoweza kulipa maskini, na mtu wa kulipa tofauti inayobaki. Mwenye kutaja la kwanza na kunyamaza juu ya la pili hajamaliza hesabu.

Kanuni za Tanzania za miradi midogo ya umeme, zilizoanza kutungwa mwaka 2008, zilikuwa na kipengele ambacho mwalimu wa maadili angekipenda. Mradi usiozidi kilowati 100 haukulazimika kupeleka bei yake kwa EWURA ipitiwe kwanza. Lakini asilimia 15 ya wateja wakitia sahihi malalamiko, EWURA iliweza kuingia na kuichunguza bei. Maana yake, wanaohusika wapatane wao kwa wao kwanza, na aliye juu aje pale walio chini wanapomwita. Kanuni auni kwa namba.

Mwenye mali ni nani?

Watawa wa kwetu hawakungoja sola ili waanze kuzalisha umeme. Masista Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole, katika Jimbo Kuu la Songea, wana mtambo wa maji wa Tulila kwenye mto Ruvuma, wenye megawati 5, ulioanza kazi mwaka 2015. Umeme huo wanaiuzia TANESCO. Masista wenye shule, hospitali na mashamba ndio hao hao wenye mkataba wa kuuza umeme. Tunaliona hilo kuwa fundisho kwa yeyote anayedhani kwamba Kanisa katika habari za nishati ni la kuomba tu.

Lakini mali ya shirika la kitawa, hata ikitumika vizuri namna gani, si mali ya kijiji. Kwa umiliki wa kijiji twende Kitonyoni, katika kaunti ya Makueni, nchini Kenya. Huko mwaka 2012 ulijengwa mtambo wa jua wa kilowati 13.5 katikati ya soko, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Southampton, na uendeshaji ukakabidhiwa chama cha ushirika cha wenyeji. Paneli zenyewe ziliwekwa zikawa paa: chini yake kuna kivuli, na maji ya mvua yanayotiririka juu yake yanakusanywa. Katika nchi kavu ya Ukambani, aliyefikiria hivyo alijua anajenga wapi.

Ushirika si dawa ya kila kitu, na wazee wetu wanaokumbuka vyama vya pamba na kahawa watatucheka tukisema hivyo. Mwenyekiti anaweza kula akiba ya betri kama alivyokula fedha za pembejeo. Ndiyo maana tunarudi kwenye kitu ambacho tayari tunacho. Tangu AMECEA ilipoweka Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele mwaka 1976, waamini wetu wamejifunza kukutana kila wiki, kuchaguana, kutunza mfuko mdogo na kusomeana hesabu hadharani. Kina mama wa VICOBA wanafunga sanduku kwa kufuli tatu na kuwapa funguo watu watatu tofauti. Kamati ya umeme inayoendeshwa kwa nidhamu hiyo, na mweka hazina wake akiwa mama wa namna hiyo, ina nafasi kubwa ya kufika mwaka wa nane ikiwa na fedha za betri.

Hapa pana jambo la kuangalia kwa makini. Kijiji si jumuiya ya Kikatoliki. Wamo Waislamu, wamo Walutheri, wamo wasiosali popote. Parokia inaweza kutoa kiwanja, na ni jambo jema. Lakini kwa kawaida ardhi yetu iko chini ya Wadhamini Waliosajiliwa wa jimbo, na paneli zikiwekwa juu yake bila maandishi, kisheria zinaweza kuonekana mali ya jimbo. Paroko mwema anaondoka, anakuja mwingine mwenye mawazo tofauti, na kijiji kinaanza kuomba kitu ambacho kilikuwa chake. Mkataba wa kiwanja uandikwe mapema, chama kisajiliwe kwa jina lake, na paroko awe mlezi, si mshika fedha. Na nyumba ya mapadre ifungwe mita kama nyumba nyingine na ilipe. Mkubwa asipolipa, haitapita miezi sita kabla wadogo hawajaona sababu ya wao kulipa.

Mahali ambapo kijiji bado hakina uwezo wa gridi ndogo, ile ziada ya mchana ina kazi za kufanya mara moja: pampu ya kisima, friji ya chanjo ya zahanati, kuchaji simu na tochi, na hata kinu kidogo cha kusaga kama mtambo unaweza kukibeba. Kazi hizo zikifanyika jua likiwa juu hazigusi betri. Ila kumvutia jirani waya si kazi ya kijana anayejua kidogo. Atafutwe fundi mwenye leseni ya EWURA, maana waya uliofungwa vibaya kwenye paa la nyasi umeshaunguza watu.

Swali la mwisho huulizwa na wananchi wenyewe katika mikutano: gridi ya taifa ikifika, haya yote si yatakuwa bure? Kanuni tulizozitaja zilifungua milango. Mradi mdogo uliweza kuacha kuuza rejareja ukaanza kuiuzia TANESCO, kama masista wa Chipole wanavyofanya kwa maji. Au uliweza kununua umeme wa gridi kwa jumla na kuendelea kuusambaza kwa nyaya zake. Yote hayo yanadai kwamba nguzo na nyaya zijengwe tangu mwanzo kwa viwango vinavyokubaliwa na gridi. Nguzo za mikaratusi mibichi zilizosimikwa kwa haraka ili mgeni rasmi azindue zitang'olewa.

Kwa vikundi vitakavyojadili somo hili, tunapendekeza kuanza na kazi ya mkono. Andikeni kila kifaa cha umeme kilichoko seminarini au parokiani, wati zake, na saa zinazotumika kwa siku. Jumlisheni. Kisha nendeni kwenye betri, tazameni tarehe iliyofungwa, na mwulizeni mhasibu ni kiasi gani kimewekwa akiba kwa ajili ya betri itakayofuata.